Hesabu miaka kabla ya vyumba: kununua, kuongeza muda na kuuza fleti ya lizi Uingereza

Nilipompigia simu shangazi yangu Mombasa kumwambia nimepata fleti London, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umenunua au umekodi?" Nikamjibu, nimenunua, shangazi, alhamdulillahi. Miaka miwili baadaye, nikiwa na barua ya mthamini mkononi, ndipo nilipoelewa kwamba swali lake lilikuwa na uzito kuliko jibu langu.

Fleti nyingi za England na Wales huuzwa kwa lizi. Unalipa bei kamili, jina lako linaandikwa kwenye rejista, unaweza kuuza, kurithisha na kukopea. Lakini ulichonunua ni haki ya kukaa humo kwa idadi fulani ya miaka. Ardhi, kuta za nje, paa na ngazi ni mali ya mwenye jengo, na miaka ikiisha fleti inarudi kwake. Kwa makadirio ya serikali, England peke yake ina karibu nyumba milioni 5 za namna hii. Scotland ina sheria zake na fleti za huko kwa kawaida haziuzwi kwa lizi, kwa hiyo aliye Glasgow au Edinburgh mwongozo huu haumhusu.

Kwetu hati ya miaka 99 si kitu kigeni, Tanzania wala Kenya, na hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Nyumbani aliyekupa miaka hiyo kwa kawaida ni serikali. Huku mwenye jengo mara nyingi ni kampuni iliyonunua ardhi ili ipate faida, na kila mwaka unaopungua kwako unaongezeka kwake. Kwa hiyo nitaanza na miaka, na kila hatua nitakayoieleza itarudi hapo.

Hatua ya 1: Hesabu miaka iliyobaki

Kabla hujauliza jiko lina ukubwa gani, uliza lizi imebakiza miaka mingapi. Dalali anapaswa kukutajia, ila usitosheke na maneno yake. Ingia kwenye tovuti ya HM Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi, lipa pauni 7, upakue nakala ya rejista ya fleti hiyo. Humo utakuta tarehe ya lizi na muda wake, kwa mfano miaka 125 kuanzia tarehe 1 Januari 1990. Shika kalamu upige hesabu mwenyewe. Lizi hiyo inakwisha mwisho wa mwaka 2114, na mwisho wa 2034 itakuwa imebaki miaka 80 kamili. Angalia sana neno "kuanzia". Muda unahesabiwa tangu lizi ya kwanza, si tangu siku utakayopewa funguo wewe. Kila mnunuzi anapokea masalio ya mwenzake.

Namba ukishaipata, mimi huipima hivi. Zaidi ya 100, endelea na mambo mengine kwa utulivu. Kati ya 85 na 100, nunua ukipenda, lakini weka akiba ya kuongeza muda mapema. Kati ya 80 na 85, nunua tu kama bei imepunguzwa kwa sababu hiyo, na uanze kuongeza muda mara utakapopata fleti. Chini ya 80 gharama inapanda kwa sababu ambayo nitaieleza. Chini ya 70 benki nyingi hukataa kukopesha, na fleti kama hizo ndizo unazoziona kwenye minada kwa bei inayovutia. Bei hiyo ina sababu yake.

Hatua ya 2: Soma lizi yenyewe

Lizi ni karatasi nyingi za Kiingereza kizito cha mahakamani. Wakili atakusomea, ndiyo kazi yake, lakini kuna mambo ambayo lazima umwambie akueleze kwa maneno ya kawaida.

La kwanza ni kodi ya ardhi. Hii si kodi ya nyumba, bali ni ada ya kila mwaka kwa mwenye jengo, ambayo haikupi huduma yoyote. Lizi mpya zilizotolewa tangu tarehe 30 Juni 2022 haziruhusiwi kutoza kodi hiyo, isipokuwa aina chache. Lizi za zamani zinaendelea kuitoza. Uliza ni kiasi gani leo, na itapanda vipi. Ziko lizi ambazo kodi inaongezeka maradufu kila baada ya miaka 10, na nyumba za namna hiyo zimewatesa wenyewe kuuza. Benki nyingi husita pia kodi inapozidi asilimia 0.1 ya thamani ya fleti.

La pili ni ada ya huduma: bima ya jengo, usafi wa ngazi, taa, lifti, ukarabati. Hii haina kiwango maalumu, inafuata gharama. Omba hesabu za miaka 3 iliyopita, uliza kama kuna mfuko wa akiba na una kiasi gani, halafu uliza swali ambalo wanunuzi wengi husahau: kuna kazi gani kubwa imepangwa? Paa likibadilishwa mwaka unaohamia, fungu lako la bili utalilipa wewe, hata kama paa lilichakaa zamani za mwenzako.

La tatu ni usalama wa jengo. Tangu moto wa jengo la Grenfell Tower, London, tarehe 14 Juni 2017, uliowaua watu 72, kila jengo refu linaulizwa kuta zake za nje zimefunikwa kwa kitu gani. Kwa jengo la mita 11 na kuendelea, au ghorofa 5 na kuendelea, muulize wakili kuhusu fomu ya EWS1, ya ukaguzi wa kuta za nje dhidi ya moto, na kuhusu cheti cha mwenye lizi kinachotokana na Building Safety Act ya 2022. Cheti hicho ndicho kinachoonyesha kama fleti ina kinga dhidi ya kulipia marekebisho ya hatari hizo. Karatasi hizi zikikosekana, mkopo unaweza kukwama.

Mwisho ni makatazo. Lizi inaweza kukataza mbwa na paka, kupangisha wageni wa siku mbili tatu, kung'oa zulia, au kuvunja ukuta bila ruhusa ya maandishi. Kama nia yako ni kupangisha, jua hili kabla hujatoa hata senti.

Hatua ya 3: Panga pesa, na useme ukweli kuhusu nyumba ya nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia bila kujua.

Ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba, England huhesabiwa kwa mafungu. Pauni 125,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi 250,000 ni asilimia 2, kisha asilimia 5 hadi 925,000. Fleti ya pauni 300,000 basi inatozwa pauni 5,000. Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza maishani hulipa sifuri hadi 300,000, mradi bei nzima isizidi 500,000. Wales wana kodi yao yenye viwango tofauti.

Sasa sikiliza. "Mara ya kwanza maishani" maana yake popote duniani. Ukiwa umewahi kumiliki nyumba Tanga, Kisumu au Bujumbura, hata kwa kurithi, wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza. Na tena, ukiwa bado una nyumba nyingine popote, na sehemu yako ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, unaongezewa asilimia 5 ya bei yote, isipokuwa kama fleti unayonunua inachukua nafasi ya makazi yako makuu uliyoyauza. Kwa fleti ile ya 300,000, ushuru unatoka 5,000 kwenda 20,000. Kwa wanandoa, nyumba ya mmoja huhesabiwa kuwa ya wote wawili. Kwa hiyo nyumba ya mume Zanzibar inaweza kupandisha ushuru wa fleti ya mke Leicester. Kuna nafuu kwa aliyerithi nusu au pungufu ndani ya miaka 3 iliyopita. Mweleze wakili hali yako yote siku ya kwanza, na nyumba ya urithi usiyoishi uitaje pia. Anayekaa nje ya Uingereza huongezewa asilimia 2 nyingine juu ya hayo.

Jambo lingine ni asili ya pesa. Wakili anabanwa na sheria kuuliza kila pauni imetoka wapi. Pesa ya upatu, mchango wa familia, kiwanja kilichouzwa Bagamoyo: vyote vinakubalika vikiwa na karatasi. Kusanya taarifa za benki za miezi kadhaa, orodha ya wanaupatu na zamu zao, mkataba wa mauzo ya kiwanja, na barua kutoka kwa ndugu aliyekupa zawadi ikisema wazi kwamba ni zawadi na hatakuwa na haki yoyote kwenye fleti. Naye ataombwa kitambulisho na taarifa za benki yake. Mwandae mapema, maana mzee wa miaka 70 akiombwa na mtu asiyemjua ampelekee karatasi za benki anaweza kudhani ni matapeli.

Wanaonunua kwa njia isiyo na riba, ambapo benki inanunua nawe unalipa kodi na kujinunulia sehemu yake polepole, waulize mapema jina litakaloandikwa kwenye rejista ni la nani. Likiwa la benki, notisi ya kuongeza miaka haiwezi kutoka bila benki. Taasisi hizo nazo zina kiwango chao cha chini cha miaka ya lizi.

Hatua ya 4: Nunua

Sehemu hii inafanana na ununuzi wa nyumba yoyote, kwa hiyo nitapita haraka. Unatoa ofa kupitia dalali. Ikikubaliwa bado haimfungi mtu. Unaajiri wakili anayejua lizi kwa undani, unaomba mkopo, unamtuma mkaguzi aliyesajiliwa na RICS, chama cha wakaguzi na wathamini wa majengo. Muuzaji anaagiza kifurushi cha habari kutoka kwa wasimamizi wa jengo, chenye majibu ya fomu ya maswali iitwayo LPE1. Wakili wako anauliza maswali, na kusubiri majibu ya wasimamizi ndiko kunakokula wiki nyingi. Mkishabadilishana mikataba, kwa kawaida unalipa amana ya asilimia 10, na kutoka hapo hakuna kurudi nyuma bila hasara. Siku ya kukamilisha unapewa funguo. Ushuru wa stempu unalipwa ndani ya siku 14, na wakili anampelekea mwenye jengo notisi kwamba fleti imebadili mkono.

Kama miaka imebaki michache, kabla ya kubadilishana mikataba kuna chaguo mbili. Muombe muuzaji aongeze muda kwanza, bei ikizingatia hilo. Au muombe atoe notisi ya kisheria ya kuongeza muda, kisha akukabidhi haki ya notisi hiyo siku ileile fleti inapohamia kwako. Makabidhiano lazima yaende pamoja na mauzo.

Mimi nilinunua nikiwa na miaka 81 na miezi kadhaa. Sheria ya wakati ule ilimtaka mwenye fleti akae miaka 2 kwenye rejista kabla ya kudai nyongeza. Nilipotimiza miaka 2, lizi ilikuwa imeshuka chini ya 80. Muuzaji wangu angetoa notisi na kunikabidhi, ningeokoa maelfu ya pauni, lakini wakili niliyemlipa hakulitaja hilo hata mara moja, nami sikujua la kuuliza. Sharti la miaka 2 lilifutwa tarehe 31 Januari 2025. Leo unaweza kudai mara tu unapokuwa mwenye fleti. Makabidhiano ya notisi bado yana faida yake, kwa sababu thamani inahesabiwa kwa tarehe ya notisi, na miezi michache ya kusubiri usajili inaweza kukutoa juu ya 80 ikakuweka chini.

Hatua ya 5: Ukiwa ndani, lipa na uulize

Lipa ada ya huduma kwa wakati, hata unapoipinga. Andika kwamba unalipa huku ukihifadhi haki yako ya kupinga. Una haki ya kuomba muhtasari wa gharama na kukagua risiti. Kazi kubwa ambayo fungu lako litazidi pauni 250 lazima itanguliwe na notisi na mashauriano yanayoitwa ya kifungu cha 20. Asipofanya hivyo mwenye jengo, bila kupewa msamaha na baraza, anaweza kukudai pauni 250 tu kwa kazi hiyo. Gharama ambayo imekaa zaidi ya miezi 18 bila kudaiwa wala kuarifiwa kwa maandishi haiwezi kudaiwa tena. Mabishano ya ada yanakwenda kwenye baraza hilo, First-tier Tribunal, kitengo cha mali. Wales wana baraza lao.

Hofu ya kunyang'anywa fleti ipo, na baadhi ya barua huandikwa ili kuikuza. Ujue kwamba deni la chini ya pauni 350 haliwezi kuwa sababu, isipokuwa limekaa zaidi ya miaka 3, na aliye ndani ya nyumba hatolewi bila amri ya mahakama.

Barua ikija kusema mwenye jengo anataka kuuza jengo, usiitupe. Katika majengo mengi sheria inamtaka awape wenye fleti nafasi ya kwanza kulinunua, na muda wa kukubali ni miezi isiyopungua 2. Ikitimia nusu ya fleti au zaidi, mnaweza pia kuungana kulinunua jengo bila yeye kutaka kuuza. Ni kazi ngumu inayohitaji majirani wanaosikilizana, lakini wanaofanikiwa hujiongezea miaka wenyewe.

Hatua ya 6: Ongeza muda

Hapa ndipo pesa kubwa inapookolewa au kupotea.

Haki yenyewe inatoka kwenye Leasehold Reform, Housing and Urban Development Act ya 1993. Ukiwa na lizi ambayo tangu mwanzo ilitolewa kwa zaidi ya miaka 21, unaweza kumlazimisha mwenye jengo akuongezee miaka 90 juu ya iliyobaki. Aliyebakiza 78 anapata 168. Kodi ya ardhi nayo inashuka hadi kile wanasheria wa Kiingereza wanachokiita punje ya pilipili manga, maana yake hulipi kitu. Unachotoa ni bei inayopimwa kisheria.

Bei hiyo ina sehemu tatu. Kwanza unamfidia mwenye jengo kodi ya ardhi ambayo hataipata tena. Pili unamfidia kwa kuchelewa kurudishiwa fleti. Kwa fleti thamani hiyo hupunguzwa kwa asilimia 5 kwa mwaka, kufuatia kesi ya Sportelli iliyoamuliwa mwaka 2006. Tatu, na hii ni kwa lizi zilizo chini ya miaka 80 tu, kuna thamani ya ndoa. Ndilo jina lake hasa. Lizi fupi na haki ya mwenye jengo zikiunganishwa, fleti inapanda thamani kuliko jumla ya vipande viwili, na sheria inampa mwenye jengo nusu ya kilichopanda.

Nimepiga mfano ili uone. Fleti yenye thamani ya pauni 300,000 ikiwa na lizi ndefu, kodi ya ardhi pauni 200 isiyopanda, na kodi ya miaka ijayo tunaipunguza kwa asilimia 6 kwa mwaka. Ikibakiza miaka 81, sehemu mbili za kwanza zinafika kama pauni 9,000, na basi. Ikibakiza 78, sehemu hizo zinakaribia 9,900. Kisha inaingia ndoa. Tuseme wathamini wanakubaliana kwamba kwa lizi ya miaka 78 fleti ingeuzwa 278,000. Ukitoa 278,000 na 9,900 kwenye 300,000, kilichopanda ni kama 12,100, nusu yake 6,050. Jumla inakuwa karibu 16,000. Miaka 3 tu imeongeza pauni 7,000. Na hapo hujamlipa mtaalamu yeyote.

Utaratibu unakwenda hivi. Ajiri mthamini wa RICS aliyezoea kazi hii na wakili aliyezoea kazi hii. Si lazima awe wakili aliyekununulia. Kuna chama cha wataalamu wa fani hii kinachoitwa ALEP, na Leasehold Advisory Service hutoa maelezo ya bure pamoja na kikokotoo cha kukupa makadirio. Mthamini anakupa bei ya chini na ya juu. Wakili anampelekea mwenye jengo notisi ya kifungu cha 42 yenye ofa yako. Ofa iwe ya kweli. Ya kuchekesha inaweza kubatilisha notisi. Tarehe ya notisi ndiyo inayofunga hesabu ya miaka, kwa hiyo aliye na 80 na mwezi mmoja asisubiri mshahara ujao.

Mwenye jengo anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya ofa yako au pauni 250, ipi iliyo kubwa. Anaweza kumtuma mthamini wake. Ana miezi isiyopungua 2 ya kujibu kwa notisi yake. Akikosa kujibu ndani ya muda, unakwenda mahakama ya kaunti ndani ya miezi 6, na mahakama inaweza kukupa lizi kwa masharti uliyoandika wewe. Akijibu, kwa kawaida anataja bei ya juu sana. Usifadhaike, wathamini wawili wanazungumza na kukutana katikati au karibu na hapo.

Wasipokubaliana, baraza linaamua. Ombi linapelekwa baada ya miezi 2 tangu jibu lake na kabla ya miezi 6 kupita. Andika tarehe hiyo ya mwisho ukutani. Ikipita bila makubaliano wala ombi, notisi yako imekufa, huwezi kutoa nyingine kwa miezi 12, na gharama za mwenye jengo unadaiwa vilevile. Maana ndiyo, kwa sheria inayotumika sasa unalipa gharama za wakili na mthamini wake zilizo za kiasi, pamoja na za kwako.

Ukiwa na mkopo, benki inahitaji kuhusishwa kabla ya lizi mpya kusajiliwa. Usilale usingizi kabla lizi mpya haijasajiliwa Land Registry. Mdai wakili nakala ya rejista mpya.

Wenye majengo wengi hukuandikia kwanza wao: "Tuelewane nje ya sheria, tutakupa bei nafuu." Wakati mwingine ni nafuu kweli na ni haraka. Lakini soma wanachokupa. Huenda miaka ikarudishwa 99 au 125 tu badala ya kuongezwa 90. Kodi ya ardhi inaweza kubaki mpaka muda wa lizi ya zamani uishe, ingawa miaka iliyoongezwa haiwezi kutozwa. Wanaweza kupachika makatazo mapya, na hawafungwi na tarehe yoyote. Wamewahi kuniandikia mimi ofa ya namna hiyo ikiwa na siku 14 za kuamua. Nilimpa mthamini wangu aisome, akanionyesha kwamba kodi ya ardhi iliyobaki ndani yake ilikula punguzo lote. Nikafuata njia ya sheria.

Watu wananiuliza kama wasubiri sheria mpya. Leasehold and Freehold Reform Act ilipitishwa Mei 2024. Inataka nyongeza iwe miaka 990, inafuta thamani ya ndoa, na inapunguza mzigo wa gharama za mwenye jengo. Baadhi ya wenye majengo waliipinga mahakamani, na Mahakama Kuu ikawakatalia Oktoba 2025. Lakini vifungu hivyo vya bei, hadi ninapoandika, havijaanza kutumika. Maoni yangu ni haya. Uliye na miaka 80 na kitu, usisubiri. Bei yako leo haina ndoa, na huna haja ya kuhatarisha hilo. Unayetaka kuuza au kubadilisha mkopo karibuni, usisubiri. Uliye chini ya 80 kwa mbali, huuzi, na mkopo wako umetulia, unaweza kungoja, ukijua kwamba kila mwaka bei ya sasa inapanda na tarehe ya sheria mpya haiko mikononi mwako.

Hatua ya 7: Uza

Anza miezi miwili mitatu kabla ya kuita dalali. Angalia miaka. Ikiwa imekaribia 80, amua: uongeze kwanza, au utoe notisi na kumkabidhi mnunuzi, au upunguze bei. Mara nyingi kuongeza kwanza hukulipa, kwa sababu mnunuzi anayeogopa hupunguza kuliko gharama halisi, na kundi la wanunuzi wenye mkopo linakuwa kubwa.

Agiza kifurushi cha wasimamizi mapema, ingawa kinagharimu mamia ya pauni. Usikiagize mapema mno pia. Mawakili wa wanunuzi hukataa karatasi zilizokaa miezi mingi. Tafuta cheti cha nishati, ambacho hudumu miaka 10, cheti chako cha mwenye lizi kama jengo ni refu, na ruhusa za maandishi za kila ulichobadilisha. Ulivunja ukuta bila ruhusa? Omba ruhusa ya baadaye sasa, kabla mnunuzi hajakigundua. Jaza fomu ya TA7, ya habari za lizi, kwa uaminifu. Kuficha mgogoro wa ada au barua ya paa kunaweza kukurudia kama kesi baada ya mauzo.

Siku ya kukamilisha, madeni yote ya ada na kodi ya ardhi yanalipwa kutoka kwenye pesa za mauzo, na ulichokilipia mbele unarudishiwa kwa siku. Ulichochangia mfuko wa akiba hakirudi. Kinabaki na jengo. Hesabu za mwaka zikiwa hazijafungwa, wakili wa mnunuzi ataomba kuzuia kiasi fulani mpaka zifungwe. Kubali kama ni kiasi cha busara, lakini mwambie wakili wako aandike tarehe ambayo pesa hiyo lazima iachiliwe, kisha uiweke tarehe hiyo kwenye simu yako, kwa sababu ikifika siku hiyo hakuna mwingine atakayekukumbushia.